Kama Watakutana Tena

Jivu la kuni halitoshi kuchora uwanja mzima, kwa hiyo tunaanza na kona. Mwalimu mwenzangu amekishika kigingi katikati ya nusu duara. Mimi nimeshika ncha ya pili ya kamba ya katani na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu chini, narudi kinyumenyume nikilitikisa. Jivu linashuka juu ya nyasi kwa mstari mwembamba, na kusi inalipeperusha kabla halijatulia. Kona ya upande wa bahari tumeichora mara mbili. Mara ya pili tumelilowesha jivu kwa maji kidogo, likashika.

Uwanja huu uko Matuga, upande wa juu wa barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga. Una mikorosho upande wa chini na mwembe mkubwa upande wa juu, na umeinama kidogo kuelekea baharini, kiasi kwamba mpira ukiachwa katikati huishia mikoroshoni. Tulipoupima kwa utepe, mzunguko wake ulikuwa mita 320. Basi mita 800 kwetu ni raundi mbili na nusu: mbio huanzia ng'ambo, chini ya mikorosho, na kumalizikia huku mwembeni.

Kesho watakimbia wasichana wawili wanaozungumzwa na kila mwalimu wa michezo wa sehemu hizi. Mmoja anatoka upande wa Mkongani, juu kwenye milima ya Shimba, kidato cha tatu, mrefu, hatua zake ni kama za mtu anayeruka mitaro. Wa pili anatoka Tiwi, kidato cha pili, mfupi, anakimbia ameinamisha kichwa kama anayetafuta sarafu iliyodondoka mchangani. Hawajawahi kukutana. Wa Mkongani ameandikiwa dakika 2 na sekunde 21, wa Tiwi 2 na 23. Walimu wameketi chini ya mwembe wanakunywa chai na wamekwisha kukata shauri: hawa watasumbuana miaka miwili mizima. Mmoja ananigeukia. "Mwalimu, wewe umeshika saa siku nyingi. Sema."

Nimeulizwa swali hili kila mwaka, na kila mwaka nimelijibu. Safari hii nilinyamaza, nikaendelea na kopo langu, maana nilianza kuona kwamba miaka yote nimekuwa nikijibu swali jingine.

Tuanze na saa. Kwetu bastola hatuna. Mwanzishaji hugonga vibao viwili vya mbao juu ya kichwa chake, naye yuko mikoroshoni, mimi niko mwembeni, kati yetu kuna mita mia moja hivi. Sauti hupiga mita 340 kwa sekunde moja. Mwenye saa akisubiri kusikia vibao, mkimbiaji wake amekwisha kuzawadiwa karibu theluthi ya sekunde. Ndiyo maana tunawafundisha walimu wapya waviangalie vibao, wasivisikilize. Wengi husikiliza. Halafu kuna uwanja wenyewe: ile 2:21 ya Mkongani ilipatikana kwenye uwanja wenye mteremko unaosaidia mwishoni, na 2:23 ya Tiwi ilipatikana kwenye kichanga, kwa simu ya mkononi iliyoshikwa na mtu aliyekuwa akishangilia. Ukiziweka namba hizo mbili sambamba kwenye daftari zinaonekana kama ndugu wa tumbo moja, ilhali hazijuani kabisa.

Hata saa ikiwa sahihi hadi chembe ya mwisho, bado haisemi tunachotaka kukijua. Mbio za mita 800 na 1500 hukimbiwa na watu wanaotazamana. Mkimbiaji wa mita 100 ana njia yake tangu mwanzo hadi utepe, na jirani yake akiwa simba au swala, yeye hana la kumfanya. Wa masafa ya kati huingia njia ya ndani akabanwa. Kiwiko cha mwenzake kiko mbavuni mwake, na mbele kuna mgongo unaomziba. Akitoka nje akakimbia kona moja katika njia ya pili, anaongeza karibu mita nne ambazo hakuna atakayemlipa. Akikaa ndani, huenda asipate mlango wa kutokea. Uamuzi huo anaufanya pumzi ikiwa imemwishia na miguu imejaa mawe, na anaufanya kwa kumtazama mtu mmoja. Mtu huyo ni nani? Hilo ndilo swali la mtabiri, na daftari la muda halina safu yake.

Nilijifunza kuwa na adabu mbele ya swali hili tarehe 24 Machi 2007, dunia ilipokuja Mombasa kukimbia mbio za nyika. Tulivuka feri asubuhi na vijana wa shule, tukatembea hadi uwanja wa gofu pale pembeni mwa bahari. Kila mmoja wetu alikuwa na utabiri, na wote ulikuwa mmoja: Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Tangu 2002 hadi 2006 alikuwa ameshinda mbio ndefu na zile fupi kila mwaka, mara tano mfululizo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Wapinzani wake walikuwa wamehesabiwa, wamepimwa, wamepangwa. Ambaye hakuna aliyempanga ni mwezi wa Machi wenyewe. Watu wa Pwani tunaijua Machi: kaskazi imechoka, mvua za masika hazijafika, na hewa inakaa juu ya ngozi kama kanga iliyoloa. Raundi ya mwisho Zersenay Tadese wa Eritrea akampita, na Bekele akasimama. Akatoka nje ya njia, bingwa mara tano, akaacha mbio. Umati ulilipuka kwa shangwe, nami nikiwemo, na hadi leo kelele zangu zile zinanisumbua kidogo, kwa sababu nilikuwa namwona mtu akizidiwa na hewa niliyozaliwa nayo.

Siku ile ile, katika mbio za vijana, alishinda kijana mwembamba wa miaka 17 aitwaye Asbel Kiprop. Mwaka uliofuata alikimbia mita 1500 katika Olimpiki ya Beijing akamaliza wa pili, kisha akapewa dhahabu baada ya Rashid Ramzi wa Bahrain kunyang'anywa kwa kutumia dawa. Miaka baadaye Kiprop naye akafungiwa kwa kosa la namna hiyo hiyo. Vijana wangu walimwona kwa macho yao akiwa na matope miguuni na hawakulijua jina lake. Mimi pia sikulijua. Nilikuwa nimeangalia upande mwingine, namsubiri Bekele.

Jirani zetu wa Tanzania wana hadithi nzito zaidi. Filbert Bayi, kijana wa Karatu, alikimbia Christchurch tarehe 2 Februari 1974 katika fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Hakusubiri mtu. Alitoka mbele tangu mlio wa kwanza kana kwamba ni mita 400, akawaacha, na walipodhani atakufa kona ya mwisho hakufa. John Walker wa New Zealand, akiwa nyumbani kwao, alimkimbiza hadi kwenye utepe. Bayi akapata 3:32.2, rekodi ya dunia, na Walker naye akaivunja rekodi ya zamani ingawa alikuwa wa pili. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wetu. Mwaka uliofuata Bayi aliichukua rekodi ya maili kwa 3:51.0 kule Kingston, Mei 1975. Agosti Walker akaishusha hadi 3:49.4. Nani hangetabiri? Dunia nzima ilikuwa imeketi kuisubiri Olimpiki ya 1976, Montreal.

Bayi hakukimbia Montreal. New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga kucheza Afrika Kusini ya makaburu, mwaka ule ule watoto wa Soweto walipopigwa risasi, na nchi nyingi za Afrika zikakataa kushiriki michezo ambayo New Zealand imo. Tanzania haikwenda. Kenya pia ikarudi. Bayi mwenyewe alikuwa ameugua malaria muda mfupi kabla, kwa hiyo huenda hata angekwenda asingekuwa yule wa Christchurch. Walker alishinda dhahabu peke yake, kwa 3:39.17, muda wa mbio za kuviziana, karibu sekunde saba nyuma ya ule aliokimbia siku aliyoshindwa.

Sekunde saba hizo nimezifikiria mara nyingi nikiwa na saa mkononi. Siamini kwamba Walker alikuwa dhaifu mwaka 1976. Hakuwa na Bayi tu.

Mike Boit wetu aliumia jeraha hilo hilo. Alipata shaba ya mita 800 Munich, 1972, kisha akaenda kusoma Marekani, na chuo chake hakikuwa kimojawapo cha vile vikubwa vinavyotajwa kila siku. Kilikuwa Eastern New Mexico, chuo kidogo katika mji mdogo wa Portales, katika ligi ya vyuo vidogo ambayo magazeti makubwa huipitia haraka. Ninaipenda picha hiyo: mmoja wa wakimbiaji wazuri kuliko wote duniani akifanya mazoezi kila asubuhi mahali ambapo kwa wiki nzima huenda hakuna wa kumsukuma. Mwaka 1976 ulikuwa wake yeye na Alberto Juantorena wa Cuba. Juantorena akashinda Montreal kwa rekodi ya dunia, 1:43.50, na Boit hakuwepo. Walikutana mwaka uliofuata, Düsseldorf, katika Kombe la Dunia, na Juantorena akamshinda kwa tofauti ndogo mno. Mwaka 1980 Kenya ikasusia tena, Moscow. Boit alirudi nyumbani, akawa profesa wa sayansi ya michezo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Sijui mtu mwingine aliyetabiriwa sana namna ile akapewa nafasi chache namna ile.

Hapo ndipo nilipoanza kulitazama neno lenyewe. Kushinda mtu anaweza kushinda peke yake. Tena kwetu kushinda ni kupitisha mchana mahali: nimeshinda shambani, ameshinda na njaa, mmeshindaje? Lakini kushindana hakuna awezaye peke yake. Ile *-ana* ya mwisho inadai mtu wa pili, na inamdai awe hapo. Hasimu wako anaweza kuwa mbali, ukamchukia kwa barua. Mshindani lazima mshinde pamoja, jua lile lile, vumbi lile lile. Sisemi kama mwanaisimu. Nasema kama mtu aliyeshinda viwanjani.

Basi nikitabiri kwamba hawa wasichana wawili watakuwa washindani, kwanza natabiri kwamba watakutana tena. Na hapo ndipo utabiri wangu wote wa miaka iliyopita ulipokuwa ukianguka, si kwenye miguu. Nimezitabiri jozi nyingi za watoto wa Kwale, na zikienda kombo, mara chache huwa kwa sababu mmoja alipungua kasi. Mmoja alikosa nauli ya kutoka Kinango. Mwingine karo ilimshinda muhula wa pili, akaenda Ukunda kuuza madafu kwa watalii. Mmoja aliolewa, na mwenzake aliyebaki alishinda mbio za mwaka ule kwa mita sitini bila kutoa jasho, akanijia akiwa amenuna, akaniuliza yule mwingine yuko wapi. Sikuwa na la kumwambia. Mwaka uliofuata naye aliacha kukimbia, na hakuna aliyemlazimisha.

Wazee hutuambia mbio za sakafuni huishia ukingoni, na wanapowaona watoto wanakimbia wakiwa wamechelewa kufika shambani ndiyo methali wanayoichagua. Naiheshimu. Lakini nikitazama daftari langu naona watoto wetu hawakufika ukingoni kwa kukimbia mno. Ukingo ulisogezwa karibu nao.

Watu wa bara wakisikia Pwani na riadha huuliza kama tuna hewa ya kutosha, maana wamezoea kwamba mkimbiaji hutengenezwa Iten, mita 2,400 juu ya bahari. Swali si la kipuuzi, mwili unaokulia hewa nyepesi hupata faida. Ila mtu wa kwanza kuiletea Kenya dhahabu ya Jumuiya ya Madola alikuwa kijana wa Mombasa, Seraphino Antao, Perth, 1962, yadi 100 na yadi 220. Zile zilikuwa mbio fupi, nakubali. Mita 800 ni nusu ya njia kati ya Antao na Iten, na sioni kwa nini mtoto aliyekulia kati ya kilima cha Shimba na mchanga wa Tiwi asiifae.

Hata jozi zikikutana, mara nyingi anaingia wa tatu. Olimpiki ya Paris, 2024, mita 1500 za wanaume, mwaka mzima ulikuwa wa Jakob Ingebrigtsen wa Norway na Josh Kerr wa Uingereza. Walirushiana maneno hadi watu wasiojua riadha wakajua ugomvi wao. Ingebrigtsen aliongoza, Kerr akamchunga, na walipokuwa wakichungana Cole Hocker wa Marekani akapenya ndani, akashinda kwa 3:27.65. Ingebrigtsen akawa wa nne. Siku nne baadaye, mita 800, Emmanuel Wanyonyi wetu alimshinda Marco Arop wa Canada kwa 1:41.19 dhidi ya 1:41.20. Sehemu moja ya mia ya sekunde, kwa kasi ile, ni upana wa kiganja cha mkono. Kila mtu akasema hawa sasa ndio jozi. Mwaka uliofuata, katika ubingwa wa dunia Tokyo, Wanyonyi akashinda tena, na aliyemfuata hakuwa Arop bali Djamel Sedjati wa Algeria. Arop alikuwa wa tatu. Lakini wote watatu walikuwapo, mwaka baada ya mwaka, na wote watatu Tokyo walimaliza ndani ya moja ya kumi ya sekunde. Naamini walifika pale kwa kubebana.

Siku ya mbio kusi ilikuwa imetulia. Wa Tiwi alifika saa mbili, miguu mitupu, viatu mkononi. "Shikamoo, mwalimu." Nikamwitikia. Macho yake hayakukaa kwangu, yalikuwa yakimtafuta mtu. Wa Mkongani alifika karibu na saa tatu na nusu, amepakiwa kwenye bodaboda na mjomba wake, tukiwa tumekwisha kuanza kuita majina.

Vibao viligongwa. Walikuwa wanane, lakini baada ya raundi ya kwanza walikuwa wawili. Wa Mkongani alikaa mbele, ndani, hatua ndefu. Wa Tiwi alijibandika begani kwake upande wa nje na hakutoka hapo, kona baada ya kona. Hakujua, maskini, kwamba kila kona ilikuwa ikimtoza karibu mita nne. Raundi ya pili wa Mkongani aligeuka kumtazama. Mara moja tu, nusu ya uso. Nilikuwa karibu nikauona ule mtazamo: haukuwa wa hofu, ulikuwa wa mtu aliyesikia hatua nyuma yake gizani akatambua kwamba ni za mtu anayemjua. Kisha wote wawili wakaongeza. Sehemu ya mwisho kupanda kuja mwembeni walikuja pamoja, kichwa kimoja juu, kingine kimeinama, na wa Mkongani akatangulia kwa nusu ya hatua. Saa yangu ilisema 2:24 kwa wote wawili. Katika uwanja ule, juu ya jivu lile, mwisho wa kupanda, sijawahi kuandika namba niliyoiheshimu zaidi.

Walilala nyasini mbali mbali, kila mmoja na kundi lake. Baada ya muda wa Tiwi aliinuka, akavuka uwanja, akamwuliza mwenzake kitu. Sikusikia. Walielekezana kwa mikono, mmoja akichora kona hewani. Huenda ndipo alipoelezwa habari ya njia ya ndani. Aliyemweleza ni mshindani wake, kabla sijafika mimi.

Nilikwenda kwa mjomba. Kwa Wadigo kauli ya mjomba si ya kupita pembeni, na nilikuwa nimeambiwa kwamba binti huyu likizo anatakiwa Mombasa, nyumbani kwa shangazi, kusaidia duka. Nikamweleza kwamba mbio za kaunti ziko karibu, kwamba nauli tutaichanga walimu, kwamba atalala kwa mwalimu wa kike. Alinisikiliza hadi mwisho akichezea ufunguo wa pikipiki. Kisha akamtazama mpwa wake, aliyekuwa bado amesimama na yule mfupi katikati ya uwanja.

"Na huyu wa Tiwi," akasema, "atakuwepo?"

Nikamwambia mwalimu wake yuko pale mwembeni, twende tukamwulize.